Bi. Levina na Ushahidi wa Watani

Baada ya miaka thelathini na moja ya kukadiria hasara za watu, Bi. Levina Ngollo anastaafu tarehe 30 Juni, 2025. Ofisi yetu ya Gongoni inabaki na kiti chake, birika lake na sisi. Tuonewe huruma.

Bi. Levina ni mchumi. Mawakili wakigombania nani mkosaji, yeye husubiri nje. Kazi yake huanza pale mahakama inapotaka kujua aliyeumizwa amepoteza kiasi gani, na kama balaa lisingetokea angekuwa wapi leo. Amejionea mengi. Kwa maelezo ya wenye mali, kila mbuzi aliyegongwa na gari mkoani humu alikuwa na mimba. Mmoja alikuwa beberu.

Kwa hiyo hakumwamini mdai wala mdaiwa, aliwatafuta watani. Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ya kukuanika mbele za watu, nawe ukacheka.

Tuliibeza mbinu hiyo mpaka shauri la Mama Veneranda wa Kigwa. Moto wa mkandarasi aliyekuwa akisafisha njia uliteketeza mizinga yake yote ya nyuki, iliyokuwa ikimlisha na kusomesha wajukuu. Wakili wa mkandarasi akadai mizinga ilikuwa mitupu. Mama wa watu hakuwa na risiti hata moja. Asali yake iliuzwa uani.

Bi. Levina akaenda kwa Shaban, fundi cherehani, Mzaramo, jirani wa mama huyo. Shaban hakubembelezwa. "Yule Mnyamwezi mchoyo? Kila msimu madumu yanatoka pale mpaka baiskeli inayumba, mimi mtani wake hata ya kulamba sipewi. Andika hivyo hivyo, dada."

Bi. Levina akaomba masimango ya misimu yote. Majirani wakayakumbuka moja baada ya jingine, maana waliyacheka yote, na kila simango lilikuwa na madumu yake ndani, naye akayahesabu. Mahakamani, wakili alipomuuliza Shaban kama hampendelei mdai, hata hakimu alilazimika kukohoa.

Mama Veneranda alilipwa, akatundika mizinga mipya, na mavuno ya kwanza akampelekea Shaban dumu zima. Shaban alilipokea akilalamika kwamba mchoyo sasa anamharibia ushahidi.

Bi. Levina, ahsante kwa kazi yako na kwa kutuvumilia. Nenda kapumzike Kitete ukiwa na afya njema, na Mungu akujalie majirani wanaokusema ukiwepo.