Mama Njaa Anaondoka Maabara

Mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mkuu wa maabara yetu ya ubongo anavua koti jeupe na kustaafu. Kwa heshima ni Daktari, kwenye meza ya chai ni Mama Njaa, jina alilojitafutia mwenyewe kwa kumwambia kila mgeni kazini, "Hapa usiseme una njaa. Sema ubongo wako umekutumia ujumbe." Mimi niliyetwishwa kazi ya kuandika haya ni mtunza panya wake, na ujumbe huo huwa naupata mapema kuliko wote.

Maisha yake ya kazi aliyatoa kwa kitu kisichoonekana kwa macho: galanini, kipande kidogo cha protini ambacho seli za ubongo hukitumia kupashana habari. Ni mjumbe wa mambo mengi. Huamsha hamu ya kula, hasa vyakula vya mafuta, hutuliza maumivu, na hata katika usingizi ana mkono wake. Lakini akizidi kiasi, hufifisha kumbukumbu.

Mama mfagizi wetu, aliposikia kuna utafiti wa njaa, alikuja mbio kumtoa wasiwasi. "Daktari, kama unatafuta dawa ya kuongeza njaa, usihangaike. Njoo kwangu, wanangu wanayo ya kugawa." Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Siku zake za neema zilikuwa zile za beseni la maji. Panya huogelea humo akitafuta kijukwaa kilichofichwa chini ya maji, na panya wazee walikuwa wakizunguka kama wageni waliopotea mtaa. Daktari akatengeneza kemikali ya kumzuia galanini. Tulipowapa, wazee wale wakaanza kwenda moja kwa moja kwenye kijukwaa. Tulikumbatiana, watu wazima, tukiwa tumelowa.

Mwaka huohuo mumewe alianza kusahau. Alikuwa fundi saa, mtu wa mizaha, aliyezoea kusema kwamba yeye hutengeneza wakati na mkewe huupoteza kwa panya. Alisahau saa za wateja, kisha wateja wenyewe, kisha kula. Chakula kikiwekwa mbele yake, alikitazama kama mali ya mtu mwingine.

Binti yao wa pekee alikuja hapa maabara, akasimama mbele ya friza. "Mama, dawa si imo humu? Panya wakumbuke, baba asikumbuke?"

"Bado si dawa, mwanangu. Sijui itamfanya nini."

"Baba anaisha, nawe umeikalia."

Aliondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo hajakanyaga nyumbani kwa mama yake. Daktari alifunga friza, akanikabidhi ufunguo. "Kaa nao wewe," aliniambia. "Hata nikikuomba, usinipe." Aliniomba mara moja, asubuhi ambayo mumewe alimwuliza jina lake. Alinyoosha mkono. Sikumpa. Alikaa kwenye stuli yangu kati ya vizimba, akalia kama mtoto.

Miezi michache baadaye, panya wetu walianza kuanguka kifafa, mmoja baada ya mwingine. Kumbe galanini yuleyule aliyefifisha kumbukumbu ndiye aliyekuwa akiizuia dhoruba hiyo isivuruge ubongo. Tulipomfunga mikono ili kumbukumbu zirudi, kifafa kikapata mlango. Utafiti ukasimamishwa, kemikali ikateketezwa, beseni likaanikwa uani. Tulimwambia Daktari kwamba alikuwa sahihi kukataa, na kwamba mumewe angekufa mikononi mwake. Alitusikiliza kwa adabu, akauliza, "Na sasa anaishi?" Tulimpigia binti simu, tukamweleza habari za kifafa. Alishukuru. Hakuja.

Desturi inataka niorodheshe mafanikio. Yapo: amewafundisha watafiti ambao leo wana maabara zao, na makala zake zinasomwa mbali na hapa. Lakini nikisema kwamba anaondoka na furaha, nitakuwa namsemea uongo, naye hakuwahi kuvumilia uongo, hata wa panya mmoja.

Wiki iliyopita alikuja kukabidhi ofisi. Hakuwa na wa kumwachia mumewe, akaja naye. Mzee aliketi koridoni karibu nami, suruali imempwaya, akimtazama mkewe akibeba makasha ya vitabu, akienda na kurudi. Mwishowe akaniinamia, akanong'ona kwa huruma ya kweli.

"Kijana, mwambie yule mama aende kwake. Mumewe atakuwa na njaa."

Daktari alisikia. Aliweka kasha chini, akamshika mzee mkono, akamwambia, "Haya, twende." Wakatoka taratibu, mzee akigeuka kuniangalia, hana uhakika kama ni sawa kuongozana na mke wa mtu.

Daktari wetu, Mama yetu, asante kwa kazi na kwa uaminifu ambao haukukulipa chochote. Hatukuambii ukapumzike; tunajua uendako hakuna mapumziko. Tunakuombea binti abishe hodi. Tunakuombea mzee afungue kinywa na kumeza, kijiko kimoja, kisha kingine, hata kama hatajua mkono unaomlisha ni wa nani.