Ekseli Iliyokuwa Benchi

Benchi la kijiwe lilikuwa ubao uliolazwa juu ya ekseli ya nyuma ya lori la marehemu baba yake Mama Kahawa, na difu, kasha la gia zake, imevimba katikati, kando ya ubao, kama chungu. Lori lenyewe liliondoka kipande kipande: harusi hii injini, msiba ule bodi. Ikabaki ekseli. Leo Mama Kahawa alikuwa anamsubiri mnunuzi wa vipuri vya magari ya kale. Akiitambua, paa la chumba chake litaacha kuvuja. Asipoitambua, itapimwa kwa kilo kama chuma chakavu. Akawaomba wateja wake wamsaidie kujua ni ya gari gani.

— Ya lori la jeshi, alisema Utingo, aliyemaliza ujana wake juu ya mizigo. Ona mabega yake.

— Ekseli ina mabega? aliuliza Wakili, aliyewahi kuingia mahakamani mara moja, kama shahidi.

— Kukushinda wewe.

— Basi ni ya treni.

Kinyozi akaigonga kwa kitana, akasikiliza.

— Ya gari la maiti la mfalme. Inaitika kwa heshima.

— Mfalme gani?

— Mzito.

— Baba alibebea mchanga, jamani, alisema Mama Kahawa, akimimina.

— Dada, marehemu hakujua alichonacho, alisema Wakili. Hiki ni kitu cha makumbusho, na sisi tunakikalia, tunakishusha bei.

Wakasimama wote, vikombe mkononi.

— Au tunakipandisha, alisema Utingo. Kimepata joto la watu miaka yote hii.

Wakakaa tena, polepole, kama wanakalia mayai.

— Na ulaini je? Kinyozi akaipapasa difu. Chuma kama shavu. Hapo nishukuruni mimi.

Mnunuzi alifika na tochi. Akapiga magoti, akaifuta difu kwa kitambaa, akaipapasa juu, chini, juu tena.

— Namba yake iko wapi?

— Namba gani, kaka?

— Ya kiwandani. Huwa imetokeza hapa juu ya chuma. Ndiyo inayosema ni ya gari gani.

Utingo akatazama kahawa yake. Wakili akatazama kiraka cha suruali yake, iliyowahi kuchanwa na vinundu vya palepale juu ya difu, kabla kijiwe hakijachanga kununua tupa na Kinyozi hajavisaga mpaka vikaisha.

Mnunuzi akaenda garini kuchukua mizani.

Mama Kahawa akakusanya vikombe, hata cha Utingo kilichokuwa nusu.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Birika lilikuwa bado linafuka.