Kabla Hatujamuaga Bi Taratibu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu, Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, madaktari, wauguzi, ndugu wageni waalikwa, na wewe dada yetu tunayekuaga, ambaye sote hapa tunakuita Bi Taratibu: habari za mchana.

Nimepewa dakika chache nimsifu. Nitamsifu, ila mnivumilie.

Huyu dada ndiye aliyenifundisha kuandika programu. Nikiharakisha, ananiambia, "Mdogo wangu, kompyuta haina haraka, haraka unayo wewe." Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo anaamka tu siku moja na kuifumua programu nzima ya kupimia dawa za watoto?

Ndivyo kamati ya uchunguzi ilivyosema. Mnakumbuka muuguzi wa zamu alivyoshtuka kuona dozi iliyotolewa na programu ni mara mbili ya kawaida, akagoma kuitoa, na mtoto akasalimika. Kamati ikafungua historia ya mabadiliko, ile inayoonyesha nani kagusa mstari gani. Ilipoonyeshwa ukutani, kila mstari ulikuwa mwekundu, yaani umebadilishwa, na kila mstari una jina la Bi Taratibu. Akajitetea, "Jamani, nimerekebisha kichwa cha ukurasa tu." Watu wakacheka. Akaambiwa achague: aache kazi kimya kimya, au afukuzwe. Huko ndiko "kustaafu kwa hiari" mlikosoma kwenye mwaliko.

Ndugu zangu, mimi sikuweza kulala na jambo hilo, nikairudia historia ile ile. Kila mstari wa programu humalizika kwa alama isiyoonekana. Kompyuta zetu huweka alama moja. Ya dada, ambayo ni ya aina nyingine, huweka mbili. Alipohifadhi faili, mwisho wa kila mstari ukabadilika, na historia ikamhesabu kuwa ameandika upya yote. Nikaiamuru isijali miisho ya mistari, ilinganishe maneno tu. Wekundu ukafutika wote, ukabaki mstari mmoja: kichwa cha ukurasa. Nililia pale pale kwenye kiti.

Na mstari wenye kosa la dozi? Jina la dada likaondoka, likatokea la aliyeuandika kweli kabla yake. Ni jina la Mkuu wa Kitengo, aliyeongoza kamati.

Tafadhali, tulieni. Mkuu, sisemi ulikusudia. Kukosea namba kila mmoja wetu anaweza. Lakini juzi nilikuonyesha haya ofisini kwako, ukaniambia, "Yameshapita hayo, mwache dada wa watu apumzike." Atapumzikaje mtu anayenyooshewa kidole sokoni kwamba nusura aue mtoto? Binti yake siku hizi hataki kusema shuleni mama anafanya kazi wapi. Inaniuma, na hasira ninayo, sitaki kuificha.

Mheshimiwa Mkurugenzi, skrini hiyo nyuma yangu iko tayari. Mwenye shaka aje atazame mwenyewe. Dada, zawadi usiipokee, na funguo za ofisi usizirudishe.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Mkuu, kipaza sauti hiki hapa. Mimi nimemaliza, sasa tunakusikiliza wewe.