Mama Tofauti na Neno "Little"

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba chetu cha kamusi, mhariri mwenzetu anastaafu. Jina lake kamili limo kwenye faili. Sisi tunamwita Mama Tofauti, kwa sababu ukimpelekea maneno mawili yanayofanana, lazima akuulize: "Tofauti yake nini?"

Aliingia kama msoma prufu, akapanda hadi kusimamia upande wote wa Kiingereza. Anapenda chai ya moto na hapendi kuharakishwa. Lakini ukitaka kumjua hasa, muulize habari za neno "little".

Alikuwa msichana wa shule baba yake alipolazwa. Daktari mgeni, asiyejua Kiswahili, alimpima mgonjwa, akasema maneno machache kwa Kiingereza. Mhudumu wa wodi akawatafsiria: "Daktari anasema kuna matumaini kidogo." Mama mtu akashusha pumzi. Wakarudi nyumbani kufua mashuka na kumtayarishia mgonjwa chumba. Walipofika asubuhi, kitanda kilikuwa kitupu. Mzee alikuwa amekata roho, hana hata mtoto mmoja pembeni.

Miaka ilipita kabla hajaelewa, akiwa darasani, kwamba daktari alikuwa amesema "little hope", wala si "a little hope". Ile "a" ikiwepo, kitu kipo, japo kidogo. Ikiondoka, ni kama hakipo. Hakumlaumu mhudumu, maana hata kamusi aliyokuwa nayo yeye mwenyewe shuleni iliandika "kidogo", ikaishia hapo. Alichofanya ni kuja kuomba kazi kwetu.

Toleo la pili lilipokuwa tayari kwenda kiwandani, aligundua kwamba maelezo ya "little" yamebaki vilevile: "-dogo, kidogo". Mhariri mkuu wa wakati huo, mtu mwema lakini mwenye haraka, alimwambia mtambo unasubiri.

"Usubiri," akamjibu. "Ukurasa huu hautoki hivi."

Akatishiwa kuhamishiwa stoo. Alichukua mkoba wake, akauliza funguo za stoo anazo nani. Mkuu alijikuta anacheka, akampa wiki moja.

Wiki hiyo tulikiona cha moto. Kila aliyekanyaga mlangoni, kuanzia mfagizi hadi mhasibu, alipewa sentensi aseme amezielewaje. "There is little water": maji hayatoshi, sahau kuoga. "There is a little water": yapo, oga haraka. Kwa "little brother" alimwita mdogo wake, dereva wa lori anayeinama ndipo apite mlangoni kwetu, ili pasiwe na mtu wa kuthubutu kuandika "kaka mfupi". Mimi nilibishana naye mchana kutwa juu ya "little" ya huruma, kama mtu anapobembeleza kitoto, na ile ya dharau, anapomwita mwenzake kijitu. Nilishindwa, na nilistahili kushindwa.

Ukurasa ulitoka jinsi alivyotaka. Kamusi ilipochapishwa alimpelekea mama yake nakala, akamsomea maelezo yale taratibu. Mama akasema, "Basi siku ile tungebaki."

Alitusimulia hayo mara moja tu, akainamia kazi yake.

Tulidhani sasa atapumzika. Kumbe amekwisha kwenda hospitalini mwenyewe, bila kuitwa, akagonga mlango wa matroni na kudai nafasi ya kuwafundisha kutafsiri wahudumu wa wodi. Mara ya kwanza aliambiwa hakuna chumba. Akarudi na kiti chake. Ataanza Jumatatu, kwenye korido, mpaka chumba kipatikane.

Mama Tofauti, asante kwa ukali wako na kwa chai uliyotumiminia. Nenda na afya njema, dada yetu, na miaka iliyo mbele yako iwe mirefu na yenye furaha. Matroni tumekwisha kumwambia akutafutie chumba mapema, kwa usalama wake mwenyewe.