Pikipiki Iliyoacha Kutoa Moshi

Sogeeni, wanangu, kaeni hapa ukingoni mwa kitanda, na huyo anayechezea simu aizime, maana sauti yangu imebaki kidogo na sitarudia neno.

Baba yenu alituachia pikipiki mbili, zote za Kijapani, za kiwanda kimoja, jina moja kwenye tangi, lakini tabia zao mbalimbali kama ninyi wawili mliolala tumbo moja. Ile kubwa nyeusi ina oili yake chini ya injini. Unaitia petroli tupu, nayo inakwenda ikinguruma kama mtu aliyeshiba. Ile ndogo nyekundu, ya kupelekea mikate, oili yake unaichanganya humo humo kwenye petroli, ndiyo maana hutoa moshi. Jirani yetu msusi alikuwa akipiga kelele dirishani, "Mama Mikate, leo tena mmetukausha kama samaki!" na baba yenu akicheka, akiniambia, "Mwache aseme, mke wangu. Siku hii ndogo ikiacha kukohoa, ndiyo siku ya kuogopa."

Sasa mimi naogopa. Tangu niangukie kitandani, kitinda mimba wangu kaacha njia ya mikate ili aniuguze, na wewe, kifungua mimba, umeshika ufunguo wa banda la pikipiki na kupeleka mikate badala yake. Jana ile ndogo ilipita chini ya dirisha langu, nikavuta pumzi: hakuna moshi, hakuna harufu. Ukaingia hapa unatamba, "Mama, nimeiponya, haitoi moshi tena!" Umeiponya? Petroli tupu inaikausha injini ile mpaka ifie njiani, na ikifa, mdogo wako hana kazi, banda linabaki tupu, nawe kila siku unaniimbia habari ya duka utakalofungua hapo. Ama hujui, mwanangu, ama unajua sana. Usiniangalie hivyo. Miguu ndiyo imenikataa. Pua bado inanitii.

Basi nenda kaiwashe niisikie, na hayo hayo mafuta uliyotia wewe.

Mbona huinuki?

Haya, kaa. Toa ufunguo. Siyo kwangu, mpe mdogo wako. Binti yangu, kamwage yale mafuta kabla hujaigusa kiki ya kuiwashia. Ndogo ni yako, na banda, na wateja wote. Wewe mkubwa, chukua ile nyeusi; yenyewe haidai kuchanganyiwa kitu, hutaiua. Sikulaani, baba. Mungu awape... awape kuaminiana, mimi hilo limenishinda... nifunikeni miguu. Dirisha liacheni wazi.

Baada ya maziko ya mama, kitinda mimba alichukua pikipiki ndogo, banda na njia ya mikate, na kifungua mimba akapewa ile kubwa. Aliisukuma kwa mikono hadi barabarani bila kuiwasha, kisha akarudi, akamwuliza dada yake kwa sauti ya chini, oili ya ile ndogo huchanganywa kiasi gani. Dada alimtazama usoni, akafunga banda, akatia ufunguo mfukoni.