Leya Umutesi Hakujipiga Risasi

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Buffalo, mlioko Columbus, mlioko Louisville, kaeni chini. Kama kuna chungu jikoni, kiipueni. Leo tunamkumbuka Leya Umutesi, na nitaanza na jambo ambalo wengine wangeliweka mwisho. Leya Umutesi hakujipiga risasi. Narudia, kwa walio garini na kwa wale wanaojifanya hawasikii. Hakujipiga. Alikufa kwa mshipa uliopasuka kichwani, Jumanne asubuhi, tarehe tisa mwezi wa nane mwaka huu wa 2016, nyumbani kwake Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus, akijiandaa kwenda kazini. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Karatasi ya hospitali ipo. Nimeisoma mwenyewe, mstari kwa mstari.

Mtanisamehe sauti. Nina hasira, na leo sitaifunika kwa muziki wa taratibu.

Tumjue kwanza. Leya alizaliwa milimani, Kivu ya Kusini. Baba yake alikuwa mfugaji wa ng'ombe, na kwa miaka mingi hakujaliwa mtoto wa kiume. Basi Leya ndiye aliyefuatana naye kwenda kuchagua mitamba. Unaijua kazi hiyo? Humnunui mtamba siku ya kwanza. Unamtazama kwa mbali, unamzunguka, unaondoka. Unarudi. Unauliza mama yake alikuwa na tabia gani, alimpiga ndama teke au alimpokea. Leya aliijua kazi hiyo akiwa na miaka kumi. Nkusi, mdogo wake, alipozaliwa, alikuta dada yake keshakuwa jicho la mzee.

Baadaye vita. Familia ikakimbilia kambini, ng'ambo ya mpaka, na huko nako watu wenye bunduki wakawafuata. Leya alilala chini ya godoro na binti yake, Isaro, wa miaka saba, akimziba masikio kwa viganja. Yake mwenyewe hayakuwa na wa kuyaziba. Milio ile yote aliisikia yeye.

Mwaka 2008 wakafika huku Marekani, Louisville. Mnaoishi huko mnajua mwezi wa nne mji unavyorusha fataki juu ya mto, watu wanabeba viti na vinywaji, wanashangilia. Leya alimburuta Isaro mpaka bafuni, wakaingia ndani ya beseni la kuogea, akaburuta na godoro akajifunika. Mwaka uliofuata vilevile. Walipohamia Columbus, tarehe nne mwezi wa saba, sikukuu ya uhuru wa huku, vilevile. Binti alishakua, miguu haikutosha tena kwenye beseni, lakini mama alimvuta tu.

"Mama alikuwa nalia bila sauti," Isaro aliniambia. "Mie nasema, Mom, ni fataki tu, na yeye ananishika kichwa, ananiambia nyamaza, batatusikia."

Kwenye ghala la mizigo alikofanya kazi kulikuwa na Mtanzania mmoja, Khalfan, aliyewahi kupita jeshi la kujenga taifa kwao na ambaye Jumamosi alienda klabu ya shabaha. Siku moja boksi lilianguka kutoka juu, likapiga kishindo, na Khalfan akamkuta Leya chini ya meza. Hakucheka. Alimwambia, "Dada Leya, unaogopa mlio usiojua unakuja lini. Njoo siku moja, mlio uutoe wewe." Leya akamwona mwendawazimu. Wiki mbili hakumsemesha. Kisha akaenda.

Sasa sikilizeni alivyoichagua bunduki yake. Sikilizeni vizuri, maana ndipo palipo na kesi yangu na nyinyi.

Ilikuwa mwaka 2014. Waliingia duka moja la silaha, Khalfan akiwa mkalimani. Mwenye duka, mzee wa masharubu meupe, akamwekea mezani bunduki nyeusi ya kufyatua mfululizo, yenye magazini ya risasi thelathini. Leya alirudi nyuma hatua tatu, akatoka nje kabisa, akasimama kwenye maegesho. Aliijua sura ile. Aliporudi ndani, mzee akamwonyesha bastola ndogo ya kuweka mkobani. "Mwambie sitafuti ya kuua mtu," Leya akasema. "Natafuta ya kutoboa karatasi."

Basi akaletewa ile nyepesi ya kujifunzia, yenye risasi ndogo kama punje ya maharage. Alishaipiga klabuni. Aliikataa. Kwanza, mbali kidogo tu upepo unaichukua risasi yake. Pili, na hii ndiyo hasa, mlio wake ni mdogo mno. "Kelele yenye inanitesa si hii," alisema. Alitaka mlio wa kweli, lakini bega lake, lililochoka kwa maboksi, lisipigwe teke la punda. Ndipo mzee alipotoa nyuma ya kabati bunduki kuukuu wanayoiita mbili-mbili-tatu, kwa unene wa risasi yake, kitako cha mti, mtutu mzito. Risasi yake ni nyembamba ila ganda lake limejaa baruti na linagongwa nyuma yake katikati, siyo ukingoni kama ile ndogo. Inakwenda mbali, imenyooka, na bega halilii. Na kila risasi moja unavuta komeo kwa mkono kabla ya nyingine. Moja. Unapumua. Nyingine.

Leya aliitazama. Akaizunguka meza. Akaaga, akaenda zake!

Jumamosi ya pili akarudi, akaitazama tena, akauliza: ilikuwa ya nani? Kwa nini aliiuza? Mzee wa duka akamtazama Khalfan kana kwamba mteja huyu ametoka mwezini. "Nikamwambia mzee wa watu," Khalfan anasimulia, "huyu mama ananunua ng'ombe, vumilia." Jumamosi ya tatu mzee akasalimu amri, akampigia simu mwenye bunduki wa zamani, mwalimu mstaafu ambaye macho yalimwishia. Leya aliuliza swali moja tu. Iliwahi kuua kitu chenye pumzi? Mwalimu akajibu kwamba kwa miaka ishirini imeua karatasi. Leya akacheka, akainunua.

Jumamosi tatu, wasikilizaji. Kwa kipande cha chuma na mti!

Na hakuipeleka nyumbani. Narudia na hili: bunduki ya Leya haikulala Reynoldsburg hata siku moja. Ilikaa klabuni, kwenye kabati la chuma, ufunguo ukiwa kwa mlinzi. Mwaka mzima alipiga karatasi. Na tarehe nne mwezi wa saba, mwaka jana, Leya alikaa kwenye ngazi za nyumba yake na kikombe cha chai, fataki zikipasuka juu ya paa, na chai haikumwagika. Isaro alienda bafuni kulia peke yake, kwa furaha.

Sisi tulifanya nini? Tulimwita Komanda. Kanisani, kwenye kwaya aliyoiongoza sauti ya pili miaka mitatu, akawa Komanda Leya. Wazee wakamuuliza anajiandaa kwa vita gani. Akawaeleza. Wakatikisa vichwa. Akarudishwa mstari wa nyuma, na kutoka huko nyuma akaendelea kuimba.

Jumanne ile Isaro alisikia kishindo bafuni. Mama yake alikuwa ameanguka. Akaita gari la wagonjwa, na kama ilivyo hapa, polisi wakatangulia. Jirani mmoja, muumini mwenzetu, akaona polisi, akakumbuka bunduki, akajumlisha. Jina lake ninalo na sitalitaja, anajijua. Alirekodi sauti ya sekunde arobaini: Leya wa kwaya amejipiga risasi. Haya! Kabla ya saa tatu iko Louisville. Nkusi, mdogo wake Leya, alikuwa kiwandani huko. Aliufahamu msiba wa dada yake kwa simu ya mtu mwingine, na aliufahamu kwa uongo. "Binti yake hajanipigia bado," aliniambia, "na batu banakuja kuniuliza alijipiga wapi, kichwa ao kifua."

Saa nne sauti hiyo ilikuwa hapa Buffalo, kwenye kundi letu la watu mia mbili na kumi na wawili. Nani aliiingiza? Niliiingiza mimi. Mimi, ninayewafokea hapa. Nilikuwa kwenye foleni ya duka, hapa Grant Street, mkate mkononi. Niliisikiliza nusu, nikaituma. Mkate ule niliuchagua kwa muda mrefu zaidi.

Jumamosi ya maziko, Isaro alikuwa amepanga viti mia mbili kwenye ukumbi wa Reynoldsburg. Walikuja watu kumi na saba. Tisa kati yao ni wa klabu ya shabaha, na mzee wa masharubu alikaa mbele, ameshika kofia. Kwaya haikuja. Aliyejiua haimbiwi, walisema. Leya akateremshwa kaburini kimya, yeye aliyeogopa makelele miaka mingi na kupenda wimbo.

Hata angekuwa amejiua, nani aliwapa ruhusa ya kumwacha Isaro na viti vitupu? Nijibuni! Lakini hakujiua. Hakujipiga risasi.

Isaro, mwanangu, pole. Nkusi, ndugu yetu wa Louisville, pole sana. Kaka Khalfan, pole, na asante kwa kumtoa chini ya meza. Nanyi mnaonisikiliza, fungueni simu zenu sasa hivi, mtafute sauti ile, mwone mlimtumia nani. Kisha mpigieni huyo mtu, mmwambie ukweli kwa mdomo wenu.

Jumamosi hii ni siku ya kumaliza matanga, saa nane mchana, ukumbi uleule wa Reynoldsburg. Nitaondoka hapa alfajiri, na gari langu lina nafasi nne. Jana nilimpigia Isaro, nikamwambia nataka kumwomba msamaha hewani, mbele ya watu wote.

"Bon," akasema. "Msamaha nitafanya nayo nini? Niko napanga viti mia mbili tena. Mukuje kuimba."