Wenyeji Wanapendekeza

Jumatano, saa tatu na robo asubuhi, karatasi ilibandikwa kwenye mkahawa wenye mlango wa bluu, mkabala na posta. Ilikuwa na maneno matano: Ijumaa ndiyo siku ya mwisho. Ng'ambo ya barabara, hatua ishirini na mbili kutoka mlango huo, kuna benchi la mbao lililofungwa mnyororo kwenye nguzo ya umeme ili lisipate miguu. Benchi ni la mshona viatu, ambaye mji mzima unamwita Fundi. Wenzake wa kila asubuhi ni Kapteni, ambaye hajawahi kuendesha chombo chochote, ila alikata tiketi kwenye kivuko miaka ishirini na sita na siku ya kustaafu akaondoka na kofia. Na Wakili, ambaye si wakili, bali huwaandikia watu barua na maombi kwa taipureta mbele ya mahakama. Kahawa huletwa na Birika, mtu wa kumimina kwanza na kuuliza baadaye. Mwenye mkahawa ni dada yake Fundi, anayemzidi miaka minne. Kijiwe kizima kinamwita Dada, kwa adabu, na kwa sababu ndiye anayekilisha kila mchana.

Fundi aliisoma karatasi kutoka alipokaa. Alikuwa na msumari mdomoni. Akautoa.

Kapteni: Ameandika nini? Macho yangu leo hayajaamka.

Fundi: Anafunga. Keshokutwa.

Kapteni: Anafunga saa ngapi?

Fundi: Anafunga, Kapteni. Anafunga kabisa. Aliniambia juzi kwamba binti yake anamwita akakae naye huko bara. Nikadhani ni maneno ya uchovu.

Birika akawamiminia kila mmoja kikombe bila kuuliza.

Wakili: Hawezi. Kisheria mwenye mkahawa anatakiwa awape walaji wake notisi ya siku thelathini.

Kapteni: Sheria gani hiyo?

Wakili: Nitaiandika leo jioni.

Fundi: Jana alipika sahani arobaini. Zimeliwa kumi na moja.

Wakili: Na tatu kati ya hizo ni zetu.

Kapteni: Nne. Mimi niliongeza.

Birika aliweka birika lake chini, jambo ambalo halifanyi mpaka awe na neno. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara tatu, ya kung'aa, yenye picha ya ufukwe.

Birika: Hizi wanagawa kivukoni. Kila anayeshuka anapewa. Nimeiona tangu mwezi uliopita, nikadhani ni mambo ya uchaguzi.

Wakili aliipokea, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mahakamani: "Wenyeji Wanapendekeza. Mahali tisa pa kula mjini kwetu, pamechaguliwa na wakazi wenyewe." Namba moja ilikuwa hoteli ya ghorofa. Mlango wa bluu haukuwemo. Wakili alisoma tena kuanzia chini kwenda juu. Bado haukuwemo.

Fundi aliinamia kiatu alichokuwa anashona, akapiga msumari ambao ulikuwa umeshaingia.

Kapteni: Wenyeji gani hao? Mimi nimezaliwa mtaa wa tatu kutoka hapa. Wewe uliulizwa, Wakili?

Wakili: Mimi? Aniulize nani?

Kapteni: Basi nawajua. Ni wafanyakazi wa ile hoteli. Walivua sare, wakavaa kanzu na suruali zilizochanika, wakajipanga barabarani kama wenyeji. Karani wa ofisi ya wageni akipita, anaulizwa mmoja, anajibu: hoteli ya ghorofa. Anaulizwa wa pili, hivyo hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana wakabadilisha nguo.

Birika: Na namba mbili je? Namba mbili ni kwa yule bibi wa stendi anayeunguza kila kitu. Naye ana wafanyakazi wa kubadilisha nguo?

Kapteni: Hapo bado nachunguza.

Wakili: Mnahangaika bure. Wenyeji hao wamekufa. Ofisi ya wageni ilichukua daftari la zamani la wakazi, ikajaza majina na majibu. Maiti hakanushi wala hakati rufaa. Asiyekuwepo na lake halipo, kwa hiyo lake analichukua aliyepo.

Birika: Mimi naona kuna mji mwingine. Kule upande wa pili wa maji, una posta, una kivuko, una hoteli ya ghorofa, kama huu. Karatasi zimepelekwa kusiko. Huko kwao nako wameshika za kwetu, wanamtafuta Dada na hawamwoni.

Kapteni: Posta yenyewe inapoteza barua ya kutoka mtaa wa pili, sembuse mji mzima. Sikubishii. Lakini tazama namba tano. Namba tano ni lile duka la rangi. Watu watakula nini pale, plasta? Haya si makosa, huu ni mpango. Mgeni akila vibaya atauchukia mji. Wageni wote wakiuchukia, ardhi itashuka bei. Atakuja mtu na meli, atainunua pwani yote kuanzia kivukoni, na sisi na benchi letu ndani yake.

Wakili: Na mnyororo.

Kapteni: Mnyororo ndio atakaoutaka kwanza. Mimi sihami.

Wakili: Wala mimi. Waje na meli yao.

Fundi alikuwa akitazama viatu vya wapita njia. Kuna watu huwakumbuka wenzao kwa sura na wengine kwa majina. Yeye huwakumbuka kwa miguu. Aliikumbuka vizuri jozi moja nyeusi, kisigino cha kushoto kimelegea, iliyofika benchini mwaka jana siku yenye mvua. Mwenye viatu alikuwa mwanamke, karani wa ofisi ya wageni, na fomu yake ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni. Akasimama kwa mguu mmoja wakati kisigino kikigongwa, akauliza: "Fundi, wewe unapenda kula wapi?" Fundi alijibu bila kuinua kichwa: "Hoteli ya ghorofa." Hajawahi kuingia humo hata kwa bahati mbaya.

Haikuwa chuki. Ilikuwa kanuni. Miaka kumi na miwili nyuma, basi zima la wageni lilishukia kwa Dada saa saba mchana. Meza zote sita zikajaa, na kijiwe kikakaa na njaa mpaka jioni. Siku hiyo walikubaliana hapo hapo benchini: mgeni akiuliza pa kula, aonyeshwe pengine popote. Wakaita huko kulinda. Kapteni aliipa hata methali: "Kizuri chajiuza, kwa hiyo sisi tusikitembeze." Dada hakuambiwa. Wakati huo alikuwa na walaji wa kutosha, wenyeji watupu, na kanuni haikumdhuru mtu. Baadaye kiwanda cha barafu kilifungwa, wafanyakazi wake, waliokuwa wakila kwa Dada, wakatawanyika. Kanuni ikabaki.

Saa nne kamili mwanamke mmoja alisimama mbele ya benchi, begi begani, ukanda wa kiatu mkononi.

Mwanamke: Shikamooni.

Wakaitikia marahaba, mmoja baada ya mwingine, Kapteni akigusa kofia.

Mwanamke: Mimi ni mwalimu, nimehamishiwa shule ya hapo juu. Hii ni siku yangu ya tatu. Fundi, kitashonekana?

Fundi: Kaa, mwalimu. Ni nyuzi nne tu.

Mwalimu: Na wakati unashona, nielekezeni jambo moja. Pa kula.

Kapteni alinyoosha mkono kabla akili haijamfikia.

Kapteni: Hoteli ya ghorofa, mwanangu. Shuka na barabara hii, kata kulia penye benki.

Wakili alimkanyaga. Alikuwa amechelewa.

Mwalimu: Nilikula hapo juzi. Jana nikafuata namba mbili ya karatasi hii. Tangu nifike nimeuliza watu watano, na wote wananinyooshea kidole sehemu hizi hizi. Lakini ndani sijamkuta hata mmoja wao. Nimewakuta wageni wenzangu, tunatazamana. Sasa naomba niulize vingine. Nyinyi wenyewe mnakula wapi?

Kapteni alivua kofia, akaitazama ndani. Wakili alifuta miwani iliyokuwa safi. Birika alikuta kikombe kimoja kinahitaji kuoshwa. Fundi alikuwa na uzi mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi alishukuru kwamba mdomo una kazi nyingine.

— Mjibuni.

Sauti ilitoka nyuma yao. Dada alikuwa amevuka barabara na trei, kurudisha vikombe vya Birika vya asubuhi. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

Dada: Mwalimu kauliza swali la darasa la kwanza. Kapteni, unakula wapi?

Kapteni: Dada, hapo kuna historia.

Dada: Lete hiyo karatasi.

Aliisoma akiwa amesimama. Kisha akamgeukia mdogo wake, si mwingine.

Fundi: Namba moja ni mimi.

Dada: Wewe.

Fundi: Karani alikuja, nikamwambia hoteli ya ghorofa.

Wakili alikohoa. Alisema namba nne ilikuwa yake, na huenda na namba saba, kwa kuwa karani alimpa fomu mbili. Kapteni alishusha sauti mpaka ikawa ya mtu anayeomba tiketi, si ya anayeikata.

Kapteni: Namba tano.

Mwalimu: Duka la rangi?

Kapteni: Nilidhani hawataliandika.

Birika: Mimi sikuulizwa. Ila nakiri, kule kivukoni huwa nawaelekeza kwa bibi wa stendi.

Fundi alimweleza dada yake kanuni yote, kuanzia basi la wageni. Aliieleza kwa ufupi, kwa sababu ilipotoka mdomoni haikuwa na urefu aliokuwa akiudhani.

Wakili: Tulikuwa tunakulinda, Dada. Wageni wangejaa, bei ingepanda, ungebadilika.

Dada: Mmenilinda miaka kumi na miwili?

Akaiweka karatasi juu ya trei.

Dada: Walipoanza kupungua nilibadilisha mafuta. Nikabadilisha chumvi. Nikapaka mlango rangi, nimeinunua kwa huyo huyo namba tano. Mwaka huu wote nimekuwa nikionja mchuzi wangu mara tatu kwa siku, nikijiambia mkono wangu umekufa. Na wewe unakaa meza ya pembeni kila mchana, mdogo wangu, unaniambia mchuzi mtamu.

Fundi: Ni mtamu.

Dada: Kumbe ulikuwa unaujua ukweli, ukakaa nao kifuani. Mficha uchi hazai. Sasa nisikilizeni. Karatasi yangu inabaki pale mlangoni, sitaki huruma ya mtu. Na leo kijiwe hakili. Mwalimu, wewe njoo saa saba. Usifuate mtu, fuata mlango wa bluu.

Akaweka trei mapajani mwa Kapteni, akavuka barabara.

Fundi alimaliza nyuzi nne za mwalimu. Kisha akasimama, akakishusha kibao chake kilichokuwa kikining'inia kwenye nguzo, kilichoandikwa FUNDI VIATU, akakigeuza. Alichovya brashi kwenye dawa nyeusi ya kupaka ngozi na kuandika herufi za urefu wa kiganja: SISI TUNAKULA PALE. Akachora na mshale. Wakili alisema mshale umeenda juu kidogo, kama unaonyesha mbinguni. Fundi aliurekebisha. Saa tano na dakika ishirini kibao kilikuwa kimerudi kwenye nguzo.

Mchana wa siku hiyo walikula ndizi mbivu, watatu, benchini.

Alhamisi saa nne na nusu ilikuja jozi nyeusi. Fundi alikitazama kisigino cha kushoto kwanza. Kilikuwa imara. Kisha akatazama juu.

Karani: Fundi, kibao hiki hakina kibali. Na pale unapopaonyesha hapamo kwenye orodha yetu.

Fundi: Orodha ya nani?

Karani: Ya wenyeji. Wewe mwenyewe nilikuandika. Ulisema hoteli ya ghorofa.

Fundi: Nilikudanganya. Andika upya.

Karani: Zimeshachapwa nakala elfu tano.

Fundi: Basi na kibao nacho kimeshaandikwa.

Karani: Nikirudi na watu wa kukiondoa?

Kapteni: Rudi nao saa saba, mama. Watakuwa na njaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ilikuwa mara ya kwanza, kwa kumbukumbu za benchi, methali ya Kapteni kukaa mahali pake. Wakili alitoa kalamu na kusema anaandika majina ya watakaogusa nguzo. Karani alisimama kidogo. Akaipiga picha nguzo kwa simu, akaondoka na njia iliyopita mbele ya mlango wa bluu, na hapo hatua zake zilipungua.

Birika naye alikuwa kazini. Asubuhi hiyo, kivukoni, kila aliyenunua kikombe alielekezwa njia kabla hajauliza.

Ijumaa saa saba na nusu mchana meza zote sita zilikuwa na watu. Mwalimu alikaa meza ya pembeni, kwenye kiti cha Fundi, pamoja na walimu wenzake wawili. Dada aliwaruhusu wana kijiwe kula, lakini hakuwapa mahali. Kapteni alikula akiwa ameegemea mlango. Wakili alikula juu ya kasha la taipureta. Fundi aliweka sahani yake kwenye ukingo wa dirisha, upande wa nje, akala amesimama. Alipomaliza alisema mchuzi mtamu. Dada alichukua sahani, akaingia nayo jikoni.

Watu wa kuondoa kibao hawakuja siku hiyo.

Jumamosi, saa moja asubuhi, kibao kilikuwa bado kwenye nguzo. Karatasi ilikuwa bado mlangoni. Mlango ulikuwa wazi.